Dafu halichezi, nazi ndio inacheza

Mwezi huu barua zimekuja nyingi za maji kuingia ndani ya magari, na si ajabu, masika imeingia na huku kwetu pwani ikiamua kunyesha inanyesha kweli. Hii ya Raskazone nimeipa nafasi kubwa kuliko zote kwa sababu niliisoma mara tatu, na mara ya tatu nikacheka peke yangu mpaka wajukuu wakaja kuchungulia. Zingine nimezijibu kwa mkato huko chini, msininunie.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi nakaa Raskazone hapa Tanga, kazi yangu iko bandarini. Mwaka jana mjomba wangu wa Dar aliniuzia Eunos Roadster ya 1992, ile ndogo ya siti mbili yenye paa la turubai unalikunja mwenyewe kwa mkono. Yeye alisema mgongo umechoka, kuingia anaingia ila kutoka mpaka avutwe. Mtaani kwetu wanaiita kiatu. Mimi naipenda sana, jioni ukiifungua paa ukapita nayo kule baharini raha yake siwezi kukueleza.

Tatizo maji. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi nakuta kapeti nyuma ya siti ya dereva imelowa chepechepe, ukibonyeza na kidole maji yanajaa kwenye shimo la kidole. Lakini turubai liko salama! Nimeshakaa ndani mvua kubwa inapiga sijaona hata tone moja likidondoka, siti kavu, dashibodi kavu, sasa haya maji yanapita wapi? Na cha ajabu ikininyeshea kazini hailowi, ikininyeshea nyumbani ndio inalowa. Mama mkwe ameshaanza kusema niwaangalie vizuri majirani.

Fundi wa kwanza, kule Ngamiani, alipaka silikoni mpira wote wa juu ya kioo cha mbele, elfu thelathini, ikalowa vilevile. Wa pili akasema kuna matundu yameziba, akapuliza upepo wa kompresa pande zote mbili kwa nguvu zote, siku kama nne hivi ikawa kavu nikamsifu kila mahali, alafu ikarudi tena na toka hapo kimezuka kitu kipya, nikifunga breki au nikikata kona nasikia maji yanacheza upande wa kushoto, chubwi chubwi, kama dafu ukilitikisa, lakini nikishuka nikatafuta sioni kitu, kapeti ya kushoto kavu kabisa. Wa tatu ndio alionekana mkali, alitoa siti ya dereva akaniita nione, "bosi, tundu lote hili liko wazi, utaacha kulowa?" akalijaza silikoni tubu nzima, na kabla hajaondoka akanipigia chini ya gari rangi nyeusi nzito kama lami ili isiliwe na kutu. Laki na ishirini. Mvua ya kwanza baada ya hapo nimeteka maji na kikombe, fundi, sikutanii, kikombe cha chai.

Sasa hivi wananiambia nibadilishe turubai lote, mpaka niagize, na bei niliyotajiwa inataka kulingana na gari. Mke wangu anasema uza. Nifanyeje? (M., Raskazone, Tanga)

JIBU: Marahaba mwanangu. Turubai usibadilishe, gari usiuze, na hao majirani waombe radhi hata kimoyomoyo.

Kabla sijakujibu nilikutumia meseji nikakuuliza vitu viwili tu, nyumbani unapaki wapi na gari inalalia upande gani. Ukanijibu unapaki pembeni ya njia chini ya mvinje, matairi ya kulia yanashuka kidogo upande wa mtaro, na kazini unapaki uwanja wa saruji, tambarare, hakuna mti. Basi kwenye jibu lako hilo nusu ya ugonjwa ilikuwa imeshajitaja yenyewe.

Kwanza tuelewane hii gari imejengwaje, maana mafundi wako wote watatu walianza kutibu kabla hawajajua mgonjwa ana viungo gani. Watu wanadhani turubai la gari kama hii kazi yake ni kuzuia maji yasiingie popote. Sivyo. Maji ya juu yanateremka na kioo cha nyuma, kile cha plastiki chenye zipu, yakifika pale turubai linapoishia nyuma ya siti yanazama ndani ya bodi, na mle ndani yanakuta mchirizi, kama huu mchirizi wa bati wa nyumbani, umefungwa kuzunguka nyuma yote. Mchirizi unayagawa kulia na kushoto, kila pembe ina tundu karibu na pale mkanda wa siti unapotokea, na kutoka kwenye tundu kuna mpira unashuka ndani kwa ndani mpaka chini ya gari, mbele kidogo ya tairi la nyuma, maji yanamwagika barabarani yanakwenda zake. Kwa hiyo maji kuingia mle ndio mpango wenyewe. Waliotengeneza walijua huwezi kushindana na mvua kwenye kitambaa kinachokunjwa kila siku, wakaona bora waikaribishe waionyeshe na mlango wa kutokea.

Sasa unaelewa kwa nini nilicheka. Lile tundu "liko wazi" alilolijaza silikoni fundi wako wa tatu ndio mlango wenyewe wa kutokea. Ni sawa na mtu aingie bafuni kwako, aone tundu sakafuni, akachanganye saruji alizibe ili bafu lisilowe. Alafu ukamlipa laki na ishirini.

Lakini tusimuonee peke yake, ugonjwa ulikuwepo kabla yake na ulianzia kwenye mti. Jani la mwembe likianguka kwenye gari linakaa juu, unaliona, unalitupa. Mvinje sio hivyo. Majani yake ni nyuzi, zina pingili pingili ukizitazama kwa karibu, na uzi mmoja unapita mahali ambapo hata kucha haipiti. Unateleza na maji mpaka kwenye mchirizi, unalala kwa urefu, ukifika kwenye tundu unasimama kama njiti. Wa pili unakuja unaegemea wa kwanza. Alafu vumbi, alafu chumvi ya bahari inayopeperuka na kusi, baada ya miezi mle ndani kuna kitu kama kiota cha ndege, maji yanapita kwa kuchuja mpaka siku yanagoma kabisa. Yakigoma yanajaa mchirizi, yanafurika nyuma ya siti, yanalala kwenye kapeti. Juu yako hapadondoki tone, ndio maana ulikuwa unakaa ndani huoni kitu, ulikuwa unatazama juu na maji yanaingilia mgongoni.

Na kwa nini nyumbani tu? Kwa sababu nyumbani gari inalalia kulia, maji yote ya mchirizi yanakimbilia pembe ya kulia ambayo imeziba. Kazini ni tambarare, maji yakikwama kulia yanarudi kutokea kushoto. Wala hakuna mtu anayekumwagia maji usiku.

Fundi wa pili jicho lake lilikuwa sahihi, mkono ndio ulimponza. Kweli matundu yalikuwa yameziba. Ila ule mpira wa kushushia maji umechomekwa tu, haukuchomelewa, na upepo wa kompresa una nguvu ya kutosha kuuchomoa kwenye shingo yake. Kulia alisukuma uchafu kidogo, ukapata siku nne kavu, nyuzi zilizobaki zikajipanga upya. Kushoto akaung'oa mpira. Najuaje? Wewe mwenyewe umeniambia, umesema inalia kama dafu.

Hapo mwanangu nikajiuliza huyu ni mtu wa Tanga kweli au amehamia juzi. Dafu halichezi! Dafu limejaa pomoni, litikise mpaka mkono uume, kimya. Inayocheza ni nazi, kwa sababu imekomaa, maji yamepungua na ndani pana hewa, ndio maana mama yeyote sokoni anaipeleka sikioni anaitikisa kabla hajatoa hela yake. Sasa wewe umesikia chubwi chubwi, maana yake ni nazi, maji nusu hewa nusu, tena ndani ya kitu kilichofungwa. Kapeti ikilowa hailii, sponji ya chini inanyonya inanyamaza. Na upande wa kushoto kitu kirefu kilichofungwa chenye uwazi ndani ni kizingiti cha mlango, lile bati nene la chini unalolivuka ukiingia kwenye gari. Mpira ulipochomoka maji ya tundu la kushoto yakakosa njia yake, yakawa yanamwagikia ndani ya bodi na kuteremka mpaka mle kizingitini. Ukifunga breki yanakimbilia mbele, ukiondoka yanarudi nyuma. Kapeti haijui chochote.

Kizingiti nacho kina vitundu vyake vidogo kwa chini kwenye ule mshono wa bati, vimewekwa maalumu ili kikiingia kitu kitoke. Vinazibwa na udongo, hilo la kawaida. Wewe juu ya udongo ukapigiwa muhuri wa rangi nyeusi ili isiliwe na kutu, na kumbe sasa kutu imefungiwa ndani na maji yake ya kunywa. Tanga wanasema waja leo waondoka leo, haya maji yako yamekuja mwaka jana hayajaondoka mpaka leo.

Hapo ndipo uanze, sio kwenye kapeti. Kapeti ikilowa inanuka tu, kizingiti kikilowa kinaoza, na kwenye hizi gari pale nyuma ya kizingiti karibu na tairi la nyuma ndio kutu inapopenda kuanzia. Wala sio siri za gereji hizi, gari yenyewe ilitoka 1989 na kufika 2016 Mazda, ambao ndio wenye hilo jina la Eunos, walikuwa wameshatengeneza ya milioni moja, kwa hiyo hayo matundu yameshaziba kwa watu wengi sana kabla yako na wameshazibua wakaendelea na maisha. Ingia chini (usiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake, weka stendi au magogo, nimeshazika rafiki kwa mambo hayo), papasa mshono wa chini kwa kidole mpaka uvipate vile vitundu, kwangua rangi kwa bisibisi ndogo polepole, weka karai, na uso wako usiuweke hapo. Maji yakikauka kutoka, gonga kizingiti chote kwa mpini wa bisibisi kwa kusikiliza. Panapolia ngongo ni bati zima. Panapolia kama unagonga boksi la biskuti, hapo mtafute fundi wa kuchomelea bodi kabla hujafikiria jambo lingine lolote.

Baada ya hapo ondoa waya wa betri, kwenye gari hii iko kwenye buti usiitafute mbele. Fungua siti, vua kapeti utoe nje kabisa. Watu wengi wanapenda kuanika kapeti humohumo ndani milango ikiwa wazi, kapeti inakauka juu, sponji ya chini inabaki na maji wiki tatu. Itoe, isimamishe juani siku mbili tatu, ukikanyaga sponji na gazeti juu yake gazeti likibaki kavu ndio imekauka. Usirudishe kapeti mpaka kazi yote iishe, maana bila kapeti ndio utaona maji yanapita wapi, na hilo ndilo wenzako watatu hawakutaka kulifanya, walikuwa na haraka ya kupaka.

Tundu la kulia sasa. Silikoni usiichome kwa bisibisi kwa hasira, utatoboa. Kata ukingo kwa wembe kuzunguka, shika kwa plaizi ya mdomo mrefu, vuta taratibu. Kama fundi wako hakusafisha vumbi kabla ya kupaka, na kwa jinsi ninavyomsoma hakusafisha, itatoka kipande kizima kama jino la mtoto. Petroli na tina weka mbali, vitakula rangi na mpira.

Kuzibua nako kuna adabu yake. Najua Tanga fundi baiskeli yuko kila kona na kitu cha kwanza utakachofikiria ni waya wa breki. Usitumie, ncha yake ni sindano, unatoboa mpira alafu unahamishia matatizo ya kushoto yaje na kulia. Nenda Deep Sea kwa wavuvi waombe mshipi wa nailoni ule mnene, milimita mbili mpaka tatu, mita moja na nusu inakutosha, au kama una jamaa mwenye mashine ya kukatia majani, kamba yake ndio kiboko. Choma ncha kwa kiberiti iyeyuke, izungushe kwenye kopo ifanye kidonge kama kichwa cha njiti. Hicho kidonge kinapita bila kutoboa. Ingiza kutoka juu, ikigoma usisukume, zungusha, rudisha, mimina maji kidogo ya uvuguvugu, ingiza tena. Alafu rudia kutokea chini. Na kompresa usiiguse tena, hata kama fundi ni shemeji yako.

Ikipita chukua chupa ya maji ya nusu lita, mtu mmoja amwage kidogo kidogo kwenye tundu la kulia, mwingine achungulie chini mbele ya tairi la nyuma. Maji yatoke palepale na yatoke kwa kasi ileile unayomwaga. Yakitoka kwa kudondoka bado kuna nyuzi. Yakipotea yasionekane, basi yamekwenda kizingitini na kulia nako mpira umetoka. Kwa kushoto fanya hivyohivyo, ila kwanza tia mkono na tochi, utaupata ule mpira umelala pembeni, urudishe kwenye shingo yake usukume mpaka ushike, fundi mzuri atauvalisha na klipu. Ukikuta umepasuka usiuzungushie soletepu, nunua mpira mwingine wa upana uleule.

Hapo ndio tuje kwenye mvua ya kuigiza, na hii nawaambia wote sio wewe peke yako. Mkitafuta panapovuja mnachukua mpira wa maji mnamwagia gari nzima kutoka juu, kila mahali panalowa, mnabaki mnakisia. Anza chini upande juu. Maji ya taratibu, sio ile mashine ya kuoshea magari, ile inaingiza maji hata pasipovuja. Anza na chini ya mlango dakika kumi, nyamaza, angalia. Panda kwenye kioo cha mlango dakika kumi. Alafu pembe ya nyuma, mwisho kabisa ukingo wa juu ya kioo cha mbele. Yakionekana ndani unajua sehemu uliyofikia ndio yenyewe, za chini yake zimeshapona. Ndani akae mtu na tochi, na mimi ningemkalisha huyo mke wako anayesema uza. Mipira ya mlango ipake poda ya mtoto kabla hujaanza, maji yakipita yanachora njia yake kwenye poda kama konokono.

Kama kuna mahali pa mwisho patavuja, nadhani patakuwa ni pale mbele palipopakwa silikoni na fundi wa kwanza. Ule mpira unatakiwa ukandamizwe ukilalia ukingo wa turubai, ukishaupaka mavimbevimbe ya silikoni haulali tena. Bandua yote. Kata kipande cha karatasi, fungia turubai juu yake, kivute, kikitoka bila kubishana basi turubai halijakaza na zile ndoano mbili za kufungia zina mahali pa kuziongeza au kuzipunguza, hesabu ya nusu mzunguko tu kila upande. Na ukikunja paa fungua zipu ya kioo cha nyuma kwanza, kioo cha plastiki kikikunjwa kinavunjika kama chapati ya jana.

Gharama? Mshipi, chupa ya maji ya kunywa, soda ya kijana atakayekuchungulilia chini. Na uhame kwenye huo mvinje. Kama huwezi kuhama, piga mshipi mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika Februari hivi na kabla ya vuli Septemba.

SWALI: Noah yangu abiria wa mbele analalamika miguu inalowa, na hakuna mvua hapa Bagamoyo wiki nzima. (Bagamoyo)

JIBU: Unawasha AC? Basi ni maji ya AC. Ikifanya kazi vizuri lazima idondoshe maji chini ya gari, ukiona chini pakavu na miguuni pamelowa jua kibomba chake cha kutolea maji kimeziba, mara nyingi udongo au mdudu amejenga. Mafundi wa AC wanazibua dakika kumi. Lakini shika hayo maji unuse, yakiwa yanateleza yana harufu kama ya sukari sio AC, ni maji ya rejeta yanavujia kwenye kifaa cha joto, hapo usisubiri na uangalie injini isije ikachemka.

SWALI: Fundi gari yangu ina sanrufu, nikifunga breki maji yananidondokea kichwani kutoka kwenye taa ya ndani. Nipake silikoni kuzunguka kioo? (Makorora)

JIBU: Umesoma barua ya juu? Rudi ukasome. Sanrufu nayo ina mchirizi kuzunguka kioo na mipira inayoshuka kwenye nguzo za gari, kwa kawaida minne, kila pembe mmoja. Fungua kioo, utayaona matundu pembeni. Mshipi uleule. Silikoni ukipaka sanrufu haitafunguka tena na kichwa utaendelea kulowa.

SWALI: Nimeambiwa niweke karafuu na mchele ndani ya gari harufu ya ukungu iishe. Kiasi gani? (Chumbageni)

JIBU: Karafuu weka kwenye pilau na mchele wake huohuo. Harufu inatoka kwenye sponji chini ya kapeti, itoe uianike, ikiwa imeoza nunua nyingine.

Hapo nilikuwa nimeshamaliza ukurasa, usiku ikaingia meseji kutoka Raskazone nikaona niwawekee kama ilivyo:

"Fundi nimetoboa ile rangi kizingiti cha kushoto leo saa kumi, nilisahau ulichosema kuhusu uso. Yametoka meusi kama kahawa, nimekinga kwenye ndoo ya lita 10 imefika nusu na bado ilikuwa inadondoka. Nimegonga kote kunalia ngongo ila sehemu moja nyuma upana wa kiganja. Upande wa kulia silikoni imetoka nzima, nyuma yake nimevuta nyuzi za mvinje zinajaa mkono na ndani yake kuna msumari wa kiatu sijui umefikaje. Maji yanapita. Nimempigia mjomba Dar kumuuliza kama gari ilikuwa inalia toka kwake, anasema ilikuwa inalia sana tu upande wa kulia, yeye siku zote alijua ni petroli, akiisikia anajua bado ipo."

Upande wa kulia! Mwanangu, kesho asubuhi ingia chini ukwangue na upande wa kulia.